Maji ya dagaa ya Cetara: dagaa wetu wa Kama watayatoa?

Mchuuzi_Darajani
Asalaam aleikum wadau. Mpishi wa hoteli moja Kiwengwa ananiulizia "colatura", maji ya rangi ya asali yanayokamuliwa kwenye dagaa huko Cetara, mji mdogo wa wavuvi karibu na Salerno, Italia. Mimi ninao dagaa wakavu wa kuchemsha, wa kutoka Kama hapa Unguja. Nikiwaroweka kwenye chumvi yatatoka? La pili: kijana wetu yuko Salerno, nataka akajionee kwa macho. Cetara anafikaje?

Mtando_Usiku
Waaleikum salaam. Hao wakavu waache waende zao soko la Kongo. Maji yale hayatoki kwa kurowekwa. Nyama ya samaki hujiyeyusha polepole kwa vimeng'enya vyake yenyewe, vile vitu vya mwilini vinavyovunjavunja chakula, na chumvi kazi yake ni kuwazuia vijidudu wasiiozeshe wakati huo. Dagaa akishachemshwa vimeng'enya vimekufa, utapata maji ya chumvi yanayonuka dagaa, basi.

Unataka dagaa mchele wabichi, waliotiwa barafu tangu chomboni. Hapo ndipo kazi huharibika. Dagaa akikaa juani hata saa chache anafanya sumu iitwayo histamini, nayo haionekani wala hainuki, na ikishaingia haitolewi kwa chumvi wala moto. Mlaji anawashwa, uso unamwiva, kichwa kinamgonga. Soko la Ulaya kikomo chake kwa maji ya samaki waliochachushwa ni miligramu 400 kwa kilo, kwa hiyo pima maabara kabla hujamuuzia mtu.

Cetara nao huvua kwa taa kama sisi, kuanzia mwisho wa Machi hadi Julai. Kichwa hung'olewa kwa vidole na utumbo hufuata hapohapo. Dagaa wetu ni wadogo, kazi hiyo itakuchosha, lakini ukiwaacha na utumbo maji yatakuwa makali, yenye harufu nzito, mbali na yale anayoyajua mpishi wako.

Kwa kilo 10 za dagaa waliosafishwa chukua chumvi kilo 3, usipunguze. Ndoo ya plastiki ya chakula, si bati wala alumini, chumvi inazila. Tandaza chumvi chini, panga dagaa safu moja, chumvi, dagaa, hadi juu, umalize kwa chumvi. Funika kwa kisahani kinachoingia ndani ya ndoo, juu yake jiwe safi la kilo 5. Siku ya tatu maji yawe yamewafunika. Kama bado, ongeza maji ya chumvi yaliyokolea hadi punje zinabaki chini bila kuyeyuka. Dagaa akitokeza juu ya maji, ndoo nzima imo hatarini. Mafuta yanayoelea yaenguliwe, yakikaa yanachacha.

Chumvi_Pemba
Naongezea la chumvi. Iliyotoka shambani juzi bado ina majimaji machungu, na uchungu huo utauonja kwenye chupa. Irundike juu ya jamvi kivulini wiki kadhaa ichuruzike, ndipo uitumie.

Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: Cetara hawachoti maji wakamaliza. Yanayopanda juu huyakusanya kwenye vyombo vya kioo, huyaweka juani yapungue na kukolea, kisha huyamimina tena juu ya samaki yapite safu kwa safu hadi chini. Pipa lao la mbao huitwa terzigno. Hulitoboa chini kwa chombo kiitwacho vriale, maji yakatoka tone kwa tone. Wewe tia bomba dogo chini ya ndoo tangu mwanzo. Hesabu miezi ili usianike wakati wa masika: kioo kikiingia mvua umerudi nyuma. Kitambaa juu, nzi ni wengi.

Safari_Salerno
Cetara haina stesheni ya treni, ya karibu ni Vietri sul Mare. Kutoka Salerno apande basi la kampuni ya SITA liendalo Amalfi, tiketi ainunue kabla ya kupanda, kwenye duka la tumbaku au la magazeti. Akae upande wa kushoto, bahari iko huko. Majira ya joto kuna na boti. Tarehe 29 Juni ni sikukuu ya Mtakatifu Petro, msimamizi wa mji, mabasi hujaa.

Mchuuzi_Darajani
Ahsanteni. Naweza kuandika "Cetara" kwenye chupa? Na mpishi mwenyewe ataitumiaje?

Mtando_Usiku
Jina usiliguse. Tangu 2020 linalindwa Ulaya kwa alama ya DOP, ya kulinda majina ya vyakula vya mahali maalumu. Andika "maji ya dagaa ya Unguja". Mpishi wako anajua, ila ukitaka kuonja nyumbani: chemsha tambi bila chumvi hata chembe, chuja, kisha pembeni ya moto tia mafuta ya zeituni, thomu, pilipili, na maji hayo kijiko kimoja cha chakula kwa kila mtu. Usiyachemshe.