Rivolva mpya inatema vipande pembeni: niirudishe kiwandani au nimpe fundi?

Mtanga_Texas: Wakuu, salaam. Niko Texas, nina green kadi, vibali viko sawa. Nimenunua rivolva mpya (bastola ya silinda inayozunguka) ya risasi za .357 Magnum, jina la kampuni silitaji. Nikipiga shabaha uwanjani, jamaa wa kibanda cha pembeni analalamika anarushiwa vichembe vya risasi. Kinundu cha kulengea juu ya mtutu nacho kimelala kushoto. Kwa bei ile, hii ni haki kweli?

Tupa_Laini: Pole mkuu. Kwanza hakikisha matundu yote sita ya silinda, yanamokaa risasi, ni matupu. Vuta nyundo polepole, huku kidole kikiibana silinda kidogo tu. Silinda ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho; ikichelewa, tundu halikai sawa na mtutu, risasi inakwanguliwa na kurusha vichembe. Fanya hivyo tundu kwa tundu, maana moja linaweza kuwa bovu na matano yakawa mazima. Halafu pima nafasi kati ya silinda na mtutu. Inchi 0.004 hadi 0.008 haina shida.

Mtanga_Texas: Matundu mawili yanachelewa kujifunga. Nafasi ni 0.006.

Babu_Mtutu: Ndiyo matunda ya mashine za kompyuta hayo. Mpaka 1982 Smith & Wesson walikuwa wanapigilia pini kushika mtutu, na fundi anamalizia kwa tupa. Ungenunua ya zamani.

Tupa_Laini: Babu, za zamani mbovu zilisharekebishwa au kutupwa, tunaona zilizosalia tu. Mashine inakata chuma vizuri kuliko mkono wa mtu. Shida ni mwisho wa mstari wa kiwandani: naona silinda haikaguliwi vya kutosha kabla ya kufunga boksi, mteja ndiye mkaguzi.

Babu_Mtutu: Hapo sibishi. Ila mtutu uliofungwa vibaya hadi kinundu kikalala unaonekana kwa macho!

Dada_Minneapolis: Mtanga, acha kuipiga. Fundi wa mtaani asiiguse, kiwanda kisije kikapata sababu ya kukunyima dhamana. Sheria ya shirikisho inakuruhusu kuituma mwenyewe kwa mtengenezaji na ikarudi mlangoni kwako, si lazima upitie dukani. Wapigie wakupe lebo ya kusafirishia, ndiyo nafuu. Piga picha ya mtutu, na uwaandikie ni matundu gani yanachelewa. Ukiandika "haifanyi kazi vizuri" tu, wataipiga mara chache na kukurudishia vilevile.

Mtanga_Texas: Shukrani dada. Nayaweka alama vipi?

Dada_Minneapolis: Kalamu ya wino usiofutika, nyuma ya silinda. Usikwaruze chuma. Na risasi hata moja isiingie kwenye hilo boksi.