Majirani Kisukuru: mnara kwa Mzee Kibwana

Mama Jack: Habari za asubuhi majirani. Mmeona zege linalomwagwa kwa Mzee Kibwana? Fundi kaniambia ni mnara wa simu. Na watoto wetu wanalala ukuta wa pili jamani 😡

Baba Neema: Kumbe ndiyo zile bati za msauzi. Kodi ya mnara hiyo 😂

Mama Jack: Sitanii. Mionzi inaleta kansa. Kuna sauti inazunguka, daktari anaeleza kila kitu.

Bi Mwanaidi: Nimeisikia. Daktari mwenyewe hata jina hajataja.

Rama Minara: Shikamooni. Naomba niseme, kupanda hiyo minara ndiyo kazi yangu.

Bi Mwanaidi: Marahaba mwanangu, sema.

Rama Minara: Antena haimwagi mawimbi chini, inayarusha mbele kama taa za gari. Mtu wa chini ya nguzo mara nyingi anapata kidogo kuliko wa mtaa wa pili. Kikomo cha kimataifa kwa wananchi, masafa ya 900 MHz, ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. WHO walishasema vipimo vya minara sehemu za watu huwa kati ya 0.002% na 2% ya kikomo.

Mama Jack: Kikomo nani kaweka? Si haohao wenye makampuni?

Upendo: Hapana mama Jack. Ni ICNIRP, tume ya kimataifa ya wanasayansi wa mionzi, na mwajiriwa wa kampuni haruhusiwi kuwa mwanachama. Lakini wapo wataalamu wanaowalaumu kwamba wanaangalia joto tu. Hesabu yao: mwili ukifyonza wati 4 kwa kila kilo, joto la mwili linapanda kama nyuzi 1. Wakagawa kwa 10 kwa akina Rama, kwa 50 kwa sisi wengine, maana kwetu kuna vichanga, wajawazito na wagonjwa. Ndiyo ikaja wati 0.08 kwa kilo.

Mama Jack: Joto sijauliza. Nauliza kansa, nikikaa hapa miaka ishirini.

Upendo: Hapo umeuliza la maana. 2011 IARC, shirika la WHO la utafiti wa kansa, waliyaweka mawimbi haya kundi la 2B, yaani "huenda" yanaleta kansa. Kilichowasukuma zaidi ni watu wanaoongea sana na simu sikioni. Achari za mboga za Asia nazo zimo kundi hilo.

Bi Mwanaidi: Achari yangu msiiguse!

Upendo: 😂 Ya embe haijatajwa bibi. 2018 Marekani wakatoa utafiti wa panya: walipigwa mawimbi ya simu saa 9 kwa siku, miaka 2, mwili mzima. Baadhi ya madume wakapata uvimbe moyoni. Ila dozi ilianzia wati 1.5 kwa kilo, sisi kikomo chetu ni 0.08, na panya hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopigwa mawimbi. 2024 ukaja uchambuzi ulioagizwa na WHO, haukuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo, hata kwa waliotumia miaka 10 na zaidi.

Rama Minara: Kama unaogopa, anza na simu. Kwako mtandao ni kimstari kimoja, basi simu inajikakamua kuufikia mnara wa mbali, nayo iko sikioni. Mnara ukisogea, simu inapunguza nguvu. Jack aache kulala nayo chini ya mto.

Mama Jack: Kwa hiyo mnara ni dawa sasa?

Rama Minara: Sijasema hivyo. Mita chache mbele ya antena pana hatari kweli, sisi hatusogei mpaka izimwe.

Bi Mwanaidi: Na jenereta? Kwa dada yangu Segerea umeme ukikatika linanguruma mpaka alfajiri, moshi wote unaingia chumbani.

Upendo: Bibi umepiga penyewe. Moshi wa dizeli uko kundi la 1 tangu 2012. Huo hauna "huenda".

Baba Neema: Duh. Tunagombana na antena, muuaji yuko chini.

Mwenyekiti wa Mtaa: Nimewafuatilia. Kikao Jumamosi saa 10 jioni, ofisini. Nataka kibali cha mazingira nikione kwa macho. TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu, tutawaandikia waje wapime kabla ya kuwashwa na baada ya kuwashwa.

Mama Jack: Barua naandika mimi. Na jenereta likae mbali na madirisha.

Mzee Kibwana: Nimewasoma wote. Ukurasa wa jenereta sijausaini. Jumamosi nakuja na mkataba, Upendo anisomee, ni Kiingereza kitupu.

Upendo: Sawa babu. Usisaini kitu mpaka nifike.