Gounod aliandika flimbi moja, sisi tuna wapiga flimbi wawili

Klarineti_ya_Pili: Hamjambo wenzangu. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Ngong Road, na tumejitosa kwenye Petite symphonie ya Gounod, mtunzi Mfaransa, ya mwaka 1885. Inataka watu tisa wa ala za kupulizwa: flimbi moja, halafu obo, klarineti, horni na basuni mbilimbili. Tisa tuko, ila hesabu haikai. Basuni ya pili anaipiga dada mmoja kwa selo, tumeshazoea. Shida ni kwamba flimbi hapa Nairobi ni kama sukuma wiki, obo ndiyo adimu. Obo tunayo moja, flimbi mbili, na wenyewe hawasemezani tangu juzi. Kwani Gounod alishindwa nini kuandika flimbi ya pili? Na huyu wa flimbi ya pili nimpeleke wapi?

MzeeWaHorni: Mlaumu Paul Taffanel. Alikuwa bingwa wa flimbi Paris, na mwaka 1879 akaanzisha chama cha muziki wa ala za kupulizwa. Gounod aliandikia chama hicho. Ukiwa na Taffanel, flimbi ya pili ya nini? Sikiliza Andante cantabile, ile sehemu ya pili ya polepole: wengine wanatandika mkeka, flimbi inaimba kama mwanamke wa opera. Hapo usijaribu kuwagawia. Chagua mmoja, ukubali kununiwa.

BintiNzumari: Kaka, mpe obo ya pili. Zote mbili husoma noti zilezile, hakuna kuhamisha. Angalia chini tu: obo hushuka kidogo kupita C ya kati, flimbi nyingi huishia hapo. Vinoti hivyo vimeze wewe na klarineti yako. Na flimbi ikiwa chini ni mtu anayenong'ona sokoni Gikomba, kwa hiyo mwambie wa obo ajizuie. Mimi ni wa Pwani, nimekulia nzumari za harusini. Ala za ridi mbili, kama nzumari na obo, zikipungua naona pilau haina bizari. Lakini mtafanyaje?

Kimya_Kimya: Achaneni na Gounod. Pigeni Serenade ya mtunzi Mcheki Dvořák ya 1878, hata selo ina kazi yake mle.

Klarineti_ya_Pili: Ndugu, hiyo haina flimbi hata moja, inataka horni tatu, na obo bado ni mbili! Nifukuze wote?

BintiNzumari, asante dada. Jana nimempa mmoja wa flimbi karatasi za obo ya pili. Akauliza kama kuna mahali anasikika peke yake. Nikamwambia asome kwanza. Ameondoka nazo, hajapiga simu.