Mipira ya presha ndogo ya regyuleta: ipi inafaa kwa Mtera na stoo ya Dodoma?

KizotaBlu:

Habari wakuu.

Kuna seti nne za regyuleta (kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi) zinazokaa Dodoma mjini. Kazi yake kubwa ni bwawa la Mtera, kutafuta injini za mitumbwi na vitu vingine vilivyozama, na mara chache baharini Tanga na Dar. Mipira (hosi) yote ya presha ndogo, inayotoka hatua ya kwanza iliyo kwenye mtungi, inabadilishwa kwa mkupuo mmoja: wa hatua ya pili (ile ya mdomoni), wa okto (ya mdomoni ya akiba) na wa kujazia jaketi la kuelea. Iliyopo ni ya raba, tarehe zilizogongwa kwenye pete zake za chuma ni 2015 na 2016, na miwili imeanza nyufa shingoni. Mitungi ni ya alumini, lita 11.1, presha baa 207.

Naomba kujua: tuchukue raba tena au hii ya kusukwa inayokunjika kirahisi? Urefu gani kwa maji yasiyoonekana kitu? Na kuna mafundi wa mipira ya haidroliki hapa mjini ambao wanabana mpira wowote palepale, viungo vya nyuzi (za skrubu) wanavyo. Je, wanaweza kutengeneza hii? Presha yake si kubwa, baa 10 tu.

FundiOringi:

Mkuu, nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo la hatari. Usipeleke kwa fundi wa haidroliki hata kama ni fundi bingwa. Nati ya upande wa hatua ya pili ina uzi wa inchi 9/16, nyuzi 18 kwa inchi, na huo huo ndio uzi wa kiungo kimoja cha haidroliki kinachouzwa kila duka la spea za matrekta. Kwa hiyo kitaingia na kitakaza, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Kitako cha kiungo hicho ni koni ya digrii 37, cha regyuleta kinaziba kwa oringi (pete ya raba). Vitako viwili hivyo havikutani. Halafu raba ya ndani ya mpira wa haidroliki imetengenezwa kubeba mafuta, haikutengenezwa kupitisha hewa ya kuvuta kwenye mapafu. Harufu yake utaivuta kila pumzi. Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya kuzamia, wenye chapa ya EN 250 (kiwango cha Ulaya cha vifaa vya kuzamia) ubavuni na tarehe kwenye pete ya chuma. Ukiagiza Dar, mwambie muuzaji akupigie picha ya tarehe hiyo kabla hujalipa. Mpira uliokaa dukani miaka minne umeshakula sehemu kubwa ya maisha yake, kwani watengenezaji wengi wanataka ubadilishwe kila miaka 5 hivi.

Upande wa hatua ya kwanza, matundu ya presha ndogo karibu yote siku hizi ni inchi 3/8, nyuzi 24. La presha kubwa ni 7/16, nyuzi 20, ili mtu asichanganye: mpira wa 3/8 ukiutia kwenye tundu la 7/16 unacheza tu, haushiki. Ila angalieni hatua zenu za kwanza moja moja. Baadhi zina tundu moja la 1/2 lililotengwa kwa mpira wa hatua ya pili. Na zile za zamani sana zina tundu la presha kubwa lenye uzi wa 3/8 pia. Kwa hizo, weka alama ya rangi kwenye tundu la presha kubwa kabla hujafungua chochote. Mpira wa presha ndogo ukipewa baa 200 unaweza kupasuka.

Hatua ya pili nyingi hupokea hiyo 9/16. Poseidon wana mwisho wao wenyewe. Kwenye jaketi, tazama kama mna vile vijazio vyenye mdomo wa kuvutia hewa, mfano AIR 2 ya Scubapro: koplingi yake ni pana kuliko ya kawaida na mpira wake ni wa peke yake.

Nyuzi_na_Nati:

Kuhusu raba na ya kusukwa, mimi nasema raba, kwa mazingira yenu hasa.

Ya kusukwa ni nyepesi, inakunjika kama kamba na haipigi nyufa za jua. Hilo ni kweli na ndiyo maana watu wanaipenda. Tatizo liko ndani usikoona. Nyingi zina mrija wa ndani wa poliyurethani, na poliyurethani za aina fulani huvunjwavunjwa na joto likikutana na unyevu. Mrija unachanika kwa ndani au unatoa punje za manjano zinazojikusanya na kuziba njia ya hewa. DAN (shirika la usalama wa wazamiaji) waliwahi kutoa tahadhari kuhusu mipira ya namna hiyo. Nje mpira unang'aa kama mpya. Mpira wa raba ukizeeka unakuonyesha: unaukunja, unaona nyufa kama za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Huu mwingine haukuonyeshi kitu mpaka hewa ianze kuwa nzito mdomoni.

Sasa fikiria seti inayotoka majini, inafungwa kwenye begi ikiwa na unyevu, halafu inakaa stoo ya bati Dodoma mwezi wa kumi na moja. Hayo ndiyo mazingira yanayoumaliza mrija ule.

SharkiTanga:

Nyuzi_na_Nati, hoja yako nakubaliana nayo kwa mipira ya zamani ya kusukwa, ila usiifunge yote kapu moja. Watengenezaji kadhaa walibadilisha malighafi ya mrija wa ndani baada ya tahadhari zile. Anayetaka ya kusukwa aulize mrija wa ndani ni wa nini, na muuzaji akishindwa kujibu, asinunue. Kwa mpira wa kujazia jaketi, aina ya kusukwa haina hatari kubwa kama kwenye hatua ya pili, maana ukiziba bado unaweza kupuliza kwa mdomo.

Nyuzi_na_Nati:

Sawa mkuu, kwenye jaketi sina ugomvi. Kwenye hatua ya pili nabaki na raba.

MajiYaTope:

Urefu. Hapa Mtera ina mambo yake. Miti iliyozamishwa bwawa lilipojaa bado imesimama mle ndani, na nyavu zilizopotea zimeizunguka. Mkono ukiunyoosha huuoni. Kila tao la mpira linalotoka nje ya mwili wako ni ndoano, kwa hiyo urefu unaosemwa vitabuni kwa maji ya bahari usiuchukue kama ulivyo.

Vipimo vya kawaida ni sentimita 70 hadi 75 kwa hatua ya pili inayopita juu ya bega la kulia, 90 hadi 100 kwa okto, na 55 hadi 70 kwa jaketi. Ule wa 75 juu ya bega unaacha tao kubwa pembeni ya kichwa, na ndilo linalonasa kijiti. Mpangilio ninaoupendekeza kwa maji hayo ni huu: mpira wa sentimita 100 kwa hatua ya pili kuu, upite chini ya kwapa la kulia ukiwa umelala ubavuni, upande kifuani mpaka mdomoni, na elbo (kiungo cha kona) ya digrii 110 mwishoni ili mdomo usivutwe. Ya akiba iwe kwenye mpira wa sentimita 55 hivi, ining'inie chini ya kidevu kwa kamba ya mpira laini. Ukimpa mwenzako hewa unampa ile iliyo mdomoni mwako, ambayo unajua inafanya kazi, na wewe unaokota ya kidevuni bila kuitafuta kwenye tope. Okto iliyofungwa ubavuni kwenye maji ya Mtera hujaa matope kabla hujaihitaji. Ila wote wanne mfunge namna moja na mfanye mazoezi ya kupeana hewa kwenye maji meupe kwanza.

Kupima: vaa jaketi na mtungi, funga mikanda yote. Chukua kamba ya katani, anzia kwenye tundu la hatua ya kwanza, ipitishe njia ile ile mpira utakayopita mpaka mdomoni. Geuza kichwa kushoto mpaka mwisho, kisha tazama juu. Kamba ikivuta, ongeza. Ukipata isiyovuta, ongeza sentimita 5 na huo ndio urefu wako. Uliza pia muuzaji anapima vipi, maana wengine wanahesabu na vyuma vya mwisho, wengine raba tu.

Mpira mfupi unavuta mdomo upande mmoja. Taya zinachoka na maji yanaingia pembeni, na mtu anailaumu hatua ya pili bure.

La mwisho, kwa sababu umetaja Mtera: kama kazi inasogea karibu na milango ya maji ya mitambo, hakuna kifaa cha kujadili. Mitambo isimamishwe na kufungwa kwa kufuli, mwenye ufunguo awe anajulikana, ndipo mtu aingie. Na mamba wapo, viboko wapo, hilo mnalijua.

KizotaBlu:

Shukrani sana wakuu. Raba basi, na mpangilio wa MajiYaTope tutaujaribu. FundiOringi, tunafunga wenyewe. Spana zilizopo ni za milimita, na oringi tunazo za boksi la duka la spea. Kuna la kuangalia? Pia mpira mmoja mpya uliokwishafika ukitiwa kwenye beseni unatoa vipovu vidogo vidogo mwili mzima. Ni mbovu?

FundiOringi:

Vipovu kwanza. Gamba la nje la mpira wa raba hutobolewa vitundu vidogo kiwandani makusudi, ili hewa inayopenya polepole kwenye raba ya ndani isijikusanye chini ya gamba na kulivimbisha. Vipovu vichache, vidogo, vilivyotawanyika na kutoka polepole si kasoro. Kasoro ni msururu wa vipovu kutoka sehemu moja, au vinavyotoka kwenye pete ya chuma. Huo urudishe dukani, hautengenezeki.

Spana: upande wa hatua ya kwanza nati ni inchi 9/16, yaani milimita 14.3. Spana ya 14 haiingii na ya 15 inakula kona. Nati ya hatua ya pili ni 11/16, milimita 17.5, nako ni hivyo hivyo. Tafuta spana mbili za inchi. Ukikosa, tumia spana malaya nzuri isiyo na mchezo mdomoni, uibane mpaka isitikisike.

Oringi: tundu la presha ndogo la 3/8 linachukua namba 011, ambayo ni tundu la ndani milimita 7.65 na unene 1.78. Ndani ya nati ya hatua ya pili ni 010, milimita 6.07 kwa unene ule ule. Za boksi zenye unene wa 2 hazikai, zinakatwa wakati wa kukaza, na kipande kinaweza kuingia ndani. Paka silikoni kidogo tu, oringi ing'ae bila kubaki donge. Mafuta ya mgando na grisi ya gari hapana: kuna raba zinazovimba kwa mafuta ya petroli, na hiyo unaivuta. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo hapana. Hapa kinachoziba ni oringi, uzi kazi yake ni kushika tu.

Kufunga: toa presha yote, kisha futa vumbi kuzunguka tundu kabla ya kufungua. Ingiza mpira kwa vidole mpaka uguse kitako. Ukihitaji spana kuanzia mzunguko wa kwanza, uzi umepanda vibaya, toa uanze upya. Kisha kaza kidogo, newtonmita 4 hadi 5, ambayo ni mkono mmoja ukishika spana karibu na mdomo wake. Kukaza sana hakuzuii kuvuja, kunakwamisha mpira siku ya kuufungua. Upande wa hatua ya pili tumia spana mbili, moja ishikilie shina la kuingilia hewa, nyingine izungushe nati. Shina likizunguka pamoja na nati, marekebisho ya valvu yanahama na regyuleta inaanza kutoa hewa ovyo.

Kisha fungua mtungi polepole, zamisha yote kwenye beseni dakika 10. Funga mtungi, soma geji, ngoja dakika 5, soma tena. Kama mna geji ya presha ya kati (ile inayotoka hatua ya kwanza kwenda kwenye mipira ya presha ndogo), ichomeke kwenye mpira wa jaketi: hatua nyingi za kwanza husimama kati ya baa 9 na 10, na kijitabu cha regyuleta kitakupa namba kamili. Sindano ikipanda taratibu bila kusimama, tatizo ni kitako cha hatua ya kwanza na mipira mipya haitalitibu.

Nyuzi_na_Nati:

Nyongeza kwenye utunzaji. Vile vikinga vya plastiki vinavyovaa shingo ya mpira vinaficha ugonjwa. Visogezeni nyuma kila mwezi. Chini yake ndipo tope la Mtera na chumvi ya Tanga vinapokaa, na nyufa huanzia pale pale mpira unapotoka kwenye pete. Maji ya visima hapa Dodoma yanaacha ukoko mweupe kama ule wa kwenye birika, kwa hiyo baada ya kusuuza futeni kwa kitambaa, msiache yakaukie humo. Kifuniko cha vumbi cha hatua ya kwanza kikaushwe na kufungwa kabla ya kugusa maji.

Msitundike seti kwa hatua ya kwanza mipira ikaning'inia, inavunjika shingo. Ilale kwenye duara pana kama ungo, mbali na bati, na mbali na kompresa na jenereta. Mota za umeme zinazotoa cheche hutengeneza ozoni, na ozoni inapasua raba hata kama jua halijaigusa.

SharkiTanga:

KizotaBlu, nje ya mada kidogo ila ni muhimu kwenu. Mkitoka kuzamia Dar au Tanga, kurudi Dodoma ni kupanda mwinuko wa mita 1,100 na zaidi, na kutoka Dar treni ya SGR inawafikisha mapema kabla mwili haujatoa naitrojeni. Hesabuni kama mnaopanda ndege: angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja usio na vituo vya kusimama njiani kutoa naitrojeni, saa 18 kama mmezamia mara kadhaa au siku kadhaa. Na Mtera yenyewe iko karibu mita 700, kwa hiyo kompyuta za mkononi ziwekwe kwenye hali ya mwinuko kama hazijibadilishi zenyewe.

KizotaBlu:

Je, mwinuko huo unabadilisha chochote kwenye mipira au presha ya kati?

FundiOringi:

Hapana. Hatua ya kwanza inapima presha ya kati juu ya presha ya mazingira iliyopo, iwe Tanga au Mtera, kwa hiyo mpira hauhisi tofauti. Agizeni mipira minane ya hatua ya pili, minne ya sentimita 100 na minne ya 55, minne ya jaketi, na mmoja mmoja wa akiba kwa kila urefu. Oringi 011 na 010, ishirini ishirini. Elbo chukueni tano, kwa kuwa kila moja ina oringi zake na ndicho kiungo kinachoanza kuvuja mapema kikiingia mchanga.