Pikipiki ya lami na porini inagoma kuwaka ikiwa ya moto: je, ni lazima injini ifunguliwe?

Mkazi wa Kibada

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale wanaohudumia pikipiki zao wenyewe nyumbani. Ninayo pikipiki ya lami na porini ya cc 250, silinda moja, inayopozwa kwa hewa na kutumia kabureta, ambayo ililetwa nchini ikiwa imeshatumika Japani. Siku za kazi huvuka nayo kwa pantoni kutoka Kigamboni kwenda mjini, na mwisho wa juma huipeleka Kimbiji au Mwasonga, kwenye mchanga na madimbwi. Asubuhi inawaka vizuri nikivuta choki, na ikiwa mwendoni haina neno. Tatizo huanza ikishapata moto: nikiizima kusubiri pantoni, lango linapofunguliwa haiwaki tena, iwe kwa stata au kwa kiki, mpaka ikae ipoe. Tena siku hizi sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, haitulii. Siku ninazopita darajani, nikisimama kwenye foleni ya Bendera Tatu, inapanda na kushuka yenyewe bila mimi kugusa kitu.

Fundi mmoja wa mtaani aliusikiliza mlio tu, akasema ringi za pistoni zimekwisha, hivyo injini ishushwe, silinda ichongwe na pistoni ibadilishwe. Sijamkatalia, lakini pikipiki haitoi moshi, na oili haipungui kiasi cha kunitia shaka. Injini yenyewe imekuwa kimya kuliko siku nilipoinunua, jambo ambalo nililiona kuwa heri. Ninazo spana, soketi na bisibisi za kutosha, na uani kuna kivuli. Je, kuna vipimo ninavyoweza kufanya mwenyewe kabla ya kukubali injini ifunguliwe? Na kwa mazingira yetu haya ya chumvi na mchanga, matunzo ya kawaida niyaanzie wapi?

Spana Namba Kumi

Ndugu yangu wa Kibada, usiruhusu mtu afungue injini hiyo kabla tapeti hazijapimwa, yaani mianya ya valvu, ile milango ya injini ya kuingizia hewa na kutolea moshi. Inawaka ikiwa baridi, inagoma ikiwa ya moto, na mlio wa juu umepungua: dalili hizo tatu zikikutana, mtu huanzia kwenye valvu. Ringi zilizokwisha huonekana kwa moshi wa buluu na kwa oili inayopungua, na kwa kawaida husumbua zaidi asubuhi, wakati vyuma havijatanuka.

Kinachotokea ni hiki. Kadiri kilomita zinavyoongezeka, valvu hujichimbia taratibu kwenye kiti chake, shina lake husogea kuelekea roka, mkono mdogo unaoisukuma ifunguke, na ule mwanya mdogo uliopaswa kubaki kati ya shina na roka hupungua hadi kwisha. Injini ikipata moto shina hurefuka, na kwa kuwa mwanya haupo tena, valvu haikai kitini sawasawa. Mgandamizo hutoroka, na cheche hata iwe nzuri kiasi gani inakosa cha kuwasha. Hasara yake inazidi usumbufu wa kusukuma pikipiki getini, kwa maana valvu ya eksozi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia kile kiti wakati imefunga, na isipofunga huungua ukingo. Kwa hiyo ukimya ulioufurahia ndio ambao mimi ningeuogopa, kwa sababu tapeti zenye mwanya sahihi husikika kidogo.

Kwanza ujue injini yako hurekebishwa vipi. Yamaha DT125, ambayo wengi wetu tuliizoea kwenye ofisi za serikali, ni ya mipigo miwili na haina tapeti kabisa. Honda nyingi za XL na XR, pamoja na Suzuki DR650, hurekebishwa kwa skrubu na nati ya kufungia, kazi ambayo mtu makini anaimudu uani kwake. Kawasaki KLX250 hutumia visahani vya chuma vya unene tofauti; hiyo unaweza kuipima mwenyewe, lakini kubadilisha visahani kunakulazimu utoe kemushafti, mhimili unaofungua valvu, na hapo ningemwita fundi.

Ikiwa yako ni ya skrubu, ifanye kazi hiyo alfajiri, injini ikiwa imelala usiku mzima. Shusha tangi, chomoa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, kisha fungua vifuniko vya tapeti na vile vizibo viwili vya upande wa magneti. Kwenye kizibo cha katikati utaingiza soketi ya kuzungushia krenkishafti, mhimili mkuu wa injini, na kwenye kile kidogo utachungulia alama ya herufi T. Kwa kuwa T hupita mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi, tazama roka ya upande wa kabureta: ikishuka na kupanda, T inayofuata baada ya hapo ndiyo yenyewe, pistoni ikiwa juu na valvu zote zikiwa zimefunga. Zungusha kufuata uelekeo wa injini, na ukiipita alama usirudi nyuma, bali zungusha tena mpaka uifikie. Baadhi ya injini za namna hii zina kifaa cha kupunguza mgandamizo ili kurahisisha kiki, nacho kikizungushwa kinyume huinua valvu ya eksozi na kukupa kipimo cha uongo.

Kipimo kamili kisome kwenye kitabu cha modeli yako au kwenye kibandiko, kwani hakuna namba moja ya pikipiki zote. Kwa injini ndogo za hewa mara nyingi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.15, na eksozi kwa kawaida hupewa mwanya mkubwa zaidi. Kipande cha fila geji, zile bapa nyembamba za kupimia mwanya, kipite kwa kukwaruza kidogo, kisiteleze wala kisisukumwe kwa nguvu. Ukikaza nati pima upya, maana skrubu hujizungusha kidogo wakati wa kukaza, na hapo ndipo wengi wenye haraka huharibu kazi nzuri.

Mchokonoa Kabureta

Ninaafiki suala la tapeti, ila sailensa inayopanda na kushuka ningeitafutia sababu yake ya pekee, nayo mara nyingi ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli. Anza na ule mpira unaounganisha kabureta na silinda hedi, kwa kuwa kwenye pikipiki za umri huo hukauka na kupasuka upande wa chini, mahali ambapo macho hayafiki. Injini ikiwa inaunguruma polepole, nyunyizia maji kidogo kuuzunguka. Mlio ukibadilika, hewa inaingilia hapo.

Mpira ukiwa mzima, legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge petroli kwenye chupa ya kioo. Ukikuta matone ya maji yametulia chini, au uchafu wa rangi ya kutu, tangi nalo linahitaji kusafishwa, vinginevyo utasafisha kabureta leo na kurudia keshokutwa. Kisha toa jeti ndogo, ile ya mwendo wa polepole, uielekeze kwenye mwanga. Tundu lake ni dogo mno, na petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaotosha kuliziba. Usilichokonoe kwa waya wa chuma, kwani ukilipanua hata kidogo jeti hiyo haina kazi tena. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, upepo wa pampu, au unyuzi wa nailoni wa mswaki. Na ikiwa kabureta yako ina ule utando mwembamba wa mpira juu, uondoe kabla ya kupuliza dawa yoyote.

Mama wa Barabara ya Vumbi

Wenzangu wameshughulikia ugonjwa, nami niseme juu ya matunzo, maana ninaishi Kunduchi na najua upepo wa bahari unavyofanya kwa vyuma.

Kwako wewe unayepita mchangani, kinachotangulia vyote ni filta ya hewa. Mchanga wa Kimbiji ukipenya hapo ndipo utakapopata zile ringi alizokutabiria fundi wako. Filta ya sponji hufuliwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji na sabuni, ikikamuliwa kwa kubonyezwa wala si kwa kusokotwa, na kuanikwa kivulini. Petroli usiitumie, kwa kuwa hudhoofisha gundi ya sponji, mbali na hatari yake ya moto. Ikikauka, ipakwe oili maalumu ya filta. Ukiikosa, ile oili nzito ya giaboksi ya 80W-90 inafaa, ukiikamua sana ibaki na unyevu tu. Sponji kavu haizuii vumbi jembamba, na nashangaa ni gereji ngapi huirudisha kavu. Paka pia grisi kwenye ukingo inapokaa.

Mnyororo wenye viringi vya mpira uoshe kwa mafuta ya taa na brashi laini, ufute, upake oili, hasa baada ya safari ya ufukweni. Wengi huukaza kupita kiasi kwa sababu wamezoea pikipiki za barabarani. Pikipiki ndefu kama hizi zina shokapu yenye mwendo mrefu, na swingamu, mkono unaoshika gurudumu la nyuma, inapokwenda juu mnyororo hukazika zaidi, hivyo nyingi huhitaji ulegevu wa kati ya milimita 30 na 50. Kibandiko kwenye swingamu hutaja kipimo cha modeli yako. Mnyororo uliokazwa mno huua beringi za gurudumu na kuulemea mhimili wa giaboksi.

Oili ya injini iwe na alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwa sababu klachi ya pikipiki hizi huogelea ndani ya oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya utelezi vinavyoifanya iteleze. Ukishapita maji ya kina, itazame kwenye kioo au kijiti. Ikiwa na rangi ya maziwa, imwage siku hiyohiyo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nao kwetu ni mwingi, basi usiyaache kupita miaka 2. Mengine ni ya kawaida: spoki, beringi, pini za kalipa za breki zipate grisi. Ukienda kuoshesha, mwambie kijana asielekeze maji ya mashine kwenye beringi wala nyuma ya taa.

Mkazi wa Kibada

Nawashukuru sana, nawe mama shikamoo. Injini yangu ni ya skrubu. Valvu za kuingizia zilikuwa na mwanya uliopungua kidogo, lakini upande wa eksozi hata kipande chembamba kuliko vyote hakikuingia. Nimerekebisha kwa vipimo vya kitabu, na sasa inawaka ikiwa ya moto kwa kiki ya kwanza au ya pili. Mpira wa kabureta nao umepasuka chini, kama mlivyosema. Nimeagiza mwingine Kariakoo, na mpaka ufike sailensa bado inahangaika. Ninachouliza sasa ni kama nihesabu suala la valvu limekwisha.

Spana Namba Kumi

Bado. Hatujui eksozi ilikaa bila mwanya kwa muda gani. Pima tena baada ya kilomita 500, kisha baada ya 1,000, na uandike namba kwenye daftari. Mwanya ukibaki palepale, endelea na ratiba ya kitabu. Ukipungua tena upesi, valvu au kiti kimeshaungua, na kurekebisha skrubu kutakuwa ni kuahirisha tu. Hapo utashusha silinda hedi peke yake uipeleke kwa mafundi wenye mashine ya kuchonga viti vya valvu. Silinda na pistoni waviache mahali pake mpaka mtu akuonyeshe kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo. Huo mpira nao usiuzibe kwa gundi ukisubiri mwingine, kwani petroli huiyeyusha na vipande vyake huvutwa ndani ya injini.