Goma: uwanja ukifunguliwa, jeshi libaki au lihame?

Mnara wa Kivu
Tangu vita ilipoingia mjini Januari 2025 na uwanja wa ndege wa Goma kufungwa, watu wanabishana ni nani mwenye haki ya kuufungua. Mimi nauliza la baadaye: ndege za jeshi zirudi kutumia njia ileile ya kurukia ya ndege za abiria? Nasema zisirudi. Volkano ya Nyiragongo iko kaskazini na Ziwa Kivu liko kusini, kwa hiyo kwa kawaida unatua ukitokea ziwani na unaruka ukielekea ziwani. Anayeshuka na anayepanda wanatazamana uso kwa uso, na mnara wa kuongozea ndege lazima umshikilie mmoja mpaka mwenzake amalize. Hapo ikiruka Ilyushin-76 ya jeshi, ndege kubwa ya mizigo, Let 410 ndogo ya abiria iliyo nyuma yake inangoja dakika 2 msukosuko wa hewa utulie, au 3 ikianzia katikati ya njia. Jeshi likipewa kipaumbele mara chache tu asubuhi, ratiba ya raia imekwisha. Na bila jeshi kuweka kambi hapo, hata ndege ya abiria DC-9 ya 2008 isingeangukia Birere, mtaa ulio kusini mwa uwanja.

Fundi Turbini
Hapo kwa DC-9 umekosea, ndugu. Januari 2002 lava ilifunika kama kilomita moja ya njia upande wa kaskazini, katika kilomita 3 hivi zilizokuwepo. Tarehe 15 Aprili 2008 hiyo DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilikuwa inaruka kwenda kusini, lami imelowa, ikapitiliza mwisho wa njia ikaingia sokoni. Piga hesabu. Uwanja uko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na joto ambalo hesabu za ndege huchukua kuwa la kawaida kwa mwinuko huo ni nyuzi 5. Siku ya nyuzi 27 umezidisha 22, na kwa kuwa joto hupunguza uzito wa hewa, kila moja ni kama kuongeza karibu mita 36 za mwinuko. Ndege inaruka kana kwamba iko mita 2,350. Kwenye hewa nyepesi hivyo, kipima kasi kinasoma noti 130 (maili za baharini kwa saa), lakini magurudumu yanakimbia karibu 146. Ukikatisha kuruka hapo, breki zinabeba nishati zaidi kwa robo kuliko zingebeba pwani. Mwanajeshi anaingiaje?

Yaya Birere
"Ikaingia sokoni" unaiandika upesi hivyo? Waliokufa chini walikuwa wengi kuliko waliokufa ndani ya ndege. Wewe umehesabu breki, watu hukuwahesabu.

Fundi Turbini
Breki nazihesabu kwa ajili ya hao watu, yaya. Kanuni za kimataifa zinataka mita 60 baada ya njia, kisha eneo la usalama la mita 90 kwa uchache, na zinapendekeza 240. Kusini mwa uwanja kuna nyumba.

Mzee Kiwanja
Nyumba hazikuota. Viwanja vilipimwa, vikauzwa, karatasi zikapigwa muhuri. Mnapoanza kutaja mita 240 mnaandaa bomoabomoa, na anayebomolewa siku zote ni maskini wa Birere.

Yaya Birere
Asante, mzee. Na 2019 ndege ndogo, Dornier 228, iliangukia mtaa wa Mapendo, ambako nako watu wanaishi. Mtabomoa mji mzima?

Mnara wa Kivu
Jamani, niliuliza kuhusu jeshi. Hamjagusa mawe. Ilyushin na Antonov zina mabawa juu, injini ziko mbali na ardhi, zinavumilia kokoto za lava. Lakini zikiongeza nguvu wakati wa kugeuka, zinazirusha kokoto hizo kwenye lami. A320 ya abiria inayofuata ina injini nusu mita hivi kutoka chini. Kokoto moja inatosha kung'oa kipande cha pangaboi, na injini inatoka kwenye bawa kwa matengenezo. Dawa ni kufagia na kukagua njia kila baada ya ndege kubwa kugeuka. Kwenye uwanja wa pamoja, nani anamwamuru kanali asubiri gari la kufagia?

Mzee Kiwanja
Kanali unamwogopa, mwenye nyumba humwogopi.

Fundi Turbini
Mzee, hakuna haja ya kubomoa. Kila mita inayochongwa kutoka kwenye lava ya kaskazini isitumiwe kubebea mizigo zaidi. Sogeza mwanzo wa kuruka kaskazini, halafu tangaza kwamba njia inaishia mita 300 kabla ya lami kuisha kusini. Lami ile inayobaki ndiyo zile mita 60 pamoja na eneo la usalama la mita 240. Siku ya joto mashirika yatashusha tani kadhaa za mzigo, na yatapiga kelele.

Yaya Birere
Yapige. Hilo nalikubali.

Mnara wa Kivu
Mashirika ya raia utayabana, maana yana leseni unayoweza kuifuta. Ndege ya jeshi je? Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kiraia duniani, kinasema mkataba wenyewe hauzihusu ndege za serikali, zikiwemo za jeshi. Kinachotakiwa ni serikali kuzingatia usalama wa ndege za raia inapoziwekea zake kanuni. Antonov ya jeshi ikijaza risasi na kutumia lami yote mpaka ukingoni mwa Birere, nani ataizuia?

Mzee Kiwanja
Basi waandike kwenye mkataba wa kufungua uwanja kwamba mnara wa raia unaweza kuikatalia ndege yoyote kuruka, ya jeshi ikiwemo. Wasipoandika hilo, mimi na majirani zangu hatusaini kitu.