Naenda Scotland na Ireland, vyakula vyao vya asili nile vipi na mimi ni Muislamu?

Binti_Ujiji
Assalaam aleikum wakuu. Mwezi wa tisa nikijaaliwa naenda Glasgow kusoma, na likizo natamani nifike na Dublin. Sasa kila ninayemuuliza hapa nyumbani ananiambia beba unga wa muhogo na dagaa, wale hawana chakula wanakula chipsi tu. Mi siamini kabisa, watu wamezungukwa na bahari, wana kondoo wana ng'ombe, watakosaje mapishi yao? Nataka nile kile bibi zao walipika, baga hata hapa zipo. Ila nguruwe sili, na nyama isiyochinjwa kihalali sili. Naombeni muongozo kwa aliyewahi kuishi huko.

Mzee wa Kibirizi
Waaleikum salaam mwanangu. Umekulia ziwani, basi anzia kwa samaki na wala hutapata shida. Mashariki ya Scotland kuna mji unaitwa Arbroath, pale wanachukua haddock, samaki wa baharini, wanawafunga wawili wawili mkiani wanawatundika kwenye mti juu ya moto wa kuni ngumu, pipa limefunikwa moshi usitoke, mpaka waive. Mtu wa Kigoma akila pale ataikumbuka migebuka ya kubanika. Halafu supu ya Cullen, kijiji cha wavuvi kaskazini huko, haddock wa moshi na viazi na vitunguu ndani ya maziwa. Usikie harufu ya samaki kwenye maziwa ukakunja uso, onja kwanza! Kwenye baridi ya mwezi wa kwanza ile supu inakurudisha uhai.

mama_wawili_Kasulu
Dada usisahau haggis. Moyo, maini na mapafu ya kondoo vinasagwa na vitunguu, oti, mafuta na pilipili manga, zamani vinashonewa kwenye tumbo la kondoo vinachemshwa. Watu wanaishangaa wakati sisi hapa utumbo tunaugombania. Usiku wa tarehe 25 Januari wanaila kwa heshima kubwa wakimkumbuka mshairi wao Robert Burns, na viazi vya kuponda pembeni. Kwa ajili ya halali uliza bucha za Waislamu Glasgow, na isipopatikana ipo ya maharage, dengu na oti, naipenda sana tu. Chai yao ya asubuhi ndo uwe makini, bekoni na soseji kwa kawaida ni nguruwe na lile duara jeusi la soseji (black pudding) ni damu, mara nyingi ya nguruwe. Chukua mayai, uyoga, nyanya na zile skoni za viazi.

Mnyamwezi_TBR
Ireland mimi nasema heshimu kiazi. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa uliozesha viazi, watu kama milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama nchi, na chakula kingine kilikua kinaendelea kusafirishwa nje. Kwahiyo ukiwekewa colcannon, viazi vya kupondwa na kabichi na maziwa na siagi nyingi katikati, kula ukijua hilo. Boxty nayo ni kiazi kibichi cha kukwaruza kinachanganywa na cha kupondwa na unga, kinakaangwa kama chapati. Mkate wao wa soda hauna hamira, ni unga, maziwa mgando na bikaboneti, ule na supu ya samaki pwani ya magharibi huko Galway. Na viza ya Ireland ni yake peke yake, ya Uingereza haikuingizi Dublin, anza mapema.

Binti_Ujiji
Nawashukuru sana, mzee wangu shikamoo. Na samaki na chipsi za dukani si salama moja kwa moja?

Mzee wa Kibirizi
Marahaba mwanangu. Uliza vitu viwili kabla hujalipa. Kwanza mafuta, maduka mengine hasa ukishuka Yorkshire, kaskazini mwa England, wanakaangia mafuta ya ng'ombe. Pili ule uji wa unga wa kuchovyea samaki, wengine wanaukoroga na bia. Waambie tu huli hivyo, wanajibu vizuri na duka linalotumia mafuta ya mimea utalipata. Weka siki na chumvi, kula ikiwa moto.